Polepole Gani?

Kwaya ilipolala tena katikati ya wimbo, Régina aligonga fimbo yake kwenye sakafu ya kanisa.

"Munamufanya nini mwanangu?" aliuliza. "Munamuvuta kama gunia la mpunga?"

Waimbaji walinyamaza. Mama huyu mzee alikuwa ametoka Wamaza juzi, siku nzima nyuma ya pikipiki, kiuno kimefungwa kitenge kwa nguvu ili mifupa isitikisike. Alikuja Kasongo kwa jambo moja. Kesho, Jumapili, baada ya misa, familia ingeondoa kilio cha mwanawe Dady na kumaliza matanga. Dady alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya hiyo hiyo, mtu mwenye kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe, na kwaya ilitaka kumwimbia ule wimbo alioupenda, ule unaosema: *Weka mzigo, ndugu, umefika mtoni.*

Kando ya Régina alikaa Emilienne, mjane wa Dady, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye diploma yake na mdomo wake. Naye aliwahi kuimba katika kwaya hii, sauti ya pili. Aliacha ghafla, wiki chache zilizopita, na hakumweleza mtu sababu. Leo alikuja kwa kuwa mama mkwe wake alihitaji mkono wa kushika.

Mbele ya kwaya, Jean-Baptiste alishusha mikono. Watu wote walimwita Maestro. Shuleni alifundisha hesabu, na nyimbo alijifunza kwa mapadri alipokuwa kijana seminarini. Alimwinamia Régina kidogo.

"Mama, uko na haki," alisema. "Tunamuvuta."

Macho yake yaliteleza kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mjane, yakakaa hapo muda wa pumzi moja. Emilienne aliangalia kitasa cha mlango. Alikuwa ameamua kuangalia kitasa cha mlango mpaka mazoezi yaishe.

Jean-Baptiste aligeukia kwaya. "Nani amewaambia mupunguze mwendo?"

Laura, binti wa Emilienne, alijibu kutoka safu ya mbele. Alikuwa na miaka kumi na mitano na ujasiri wa watu wazima watatu. "Ni weye, Maestro."

"Mimi?"

"Umeshusha mukono, umesema, 'Hapa polepole.' Basi tumeenda polepole."

Wengine walicheka. Mzee mmoja wa besi akaongeza, "Na ukisema 'hapa nguvu,' tunakimbia. Tumezoea hivyo. Mwisho wa wimbo ni kama watu wanaokimbia mvua."

Jean-Baptiste hakucheka. Alijifuta uso kwa leso, akasimama kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa akiusukuma siku zote ulitakiwa kuvutwa.

"Kosa si lenu," alisema. "Kosa ni la hilo neno. Mimi nikisema polepole, mawazo yangu yako kwenye sauti. Ninyi mukisikia polepole, mawazo yenu yako kwenye miguu. Nani kati yenu ametwanga majani ya sombe na mwenzake kwenye kinu kimoja?"

Wanawake karibu wote waliinua mikono.

"Mama yangu na dada yake, kule Kabambare, walikuwa wanatwanga hivyo. Huyu anashusha mchi, yule anainua. Sasa, mutoto amelala ndani. Wanafanyaje?"

"Wanatwanga polepole," mtu alisema.

"Polepole gani?"

Wanawake walitazamana.

"Wanapunguza nguvu," alisema mwanamke mmoja. "Kelele inapungua."

"Na mwendo? Mmoja wao akipunguza mwendo, na mwenzake haachi mwendo wake?"

"Michi inagongana!" Laura alisema.

"Inagongana," alisema Jean-Baptiste. "Basi hayo ni mambo mawili. Mwendo ni jambo moja. Ukubwa wa sauti ni jambo lingine. Mutu anaweza kwenda haraka na sauti ndogo. Mutu anaweza kwenda taratibu na sauti kubwa, kama lori la mizigo kwenye kilima. Mimi nikishusha mukono, sisemi muchelewe. Sijasema hata siku moja muchelewe. Nasema musiamushe mutoto."

Emilienne aliacha kuangalia kitasa.

*Sijasema hata siku moja muchelewe.*

Ilikuwa siku ya soko, wiki chache nyuma. Walikutana mbele ya wauza mawese, Emilienne na kapu lake, Jean-Baptiste na mikono mitupu, kwa sababu hakuwa na la kununua. Alikuja kumwona tu. Wakati huo ilikuwa imepita miezi mingi ya kuangaliana juu ya vitabu vya nyimbo, ya kupeana kitabu kimoja na vidole kuchelewa kuachana. Hawakuwa wametenda lolote la kuficha. Lakini Emilienne hakuwa mwanamke wa kuzungukazunguka, na siku ile alimuuliza hapo hapo, kati ya madumu ya mafuta:

"Jean-Baptiste, mimi na wewe, tunaenda wapi?"

Naye akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ya chini, "Emilienne, twende polepole."

Emilienne alikuwa na Laura wa kulea, darasa la watoto hamsini na nne, na nyumba yenye paa linalovuja. Mambo ya polepole hakuwa na nafasi nayo. Alimwambia, "Mimi sina muda wa polepole," akabeba kapu lake akaenda. Siku chache baadaye akasikia kwamba Jean-Baptiste amepanda pikipiki kwenda Kabambare. Hakuna aliyejua kwa nini. Emilienne alijua, au alifikiri anajua: mwanaume amekimbia.

Ndipo Régina alipotuma mtu kutoka Wamaza kuuliza. Kilio kitakapoondolewa, mjane ataulizwa mbele ya familia kama anabaki katika ukoo wa mume wake au anaenda zake. Je, Mama Laura atajibu nini? Na Emilienne, kwa hasira iliyovaa nguo za heshima, akatuma jibu: ninabaki. Nitahamia Wamaza na mtoto. Régina alifurahi kiasi cha kuita watu wakandike chumba kipya.

"Tuanze tena," alisema Jean-Baptiste mbele. "Pigeni miguu. Wote. Huo ndio mwendo. Sitaki muguse huo mwendo hata paa likianguka."

Miguu ilianza kupiga sakafu, na ngoma ikaifuata. Waliimba kwa sauti kamili, kisha mkono wa Jean-Baptiste ukashuka. Sauti zikashuka nao. Zilishuka mpaka zikawa kama watu wanaozungumza chumba cha pili, lakini miguu iliendelea, na ngoma iliendelea, na wimbo haukulala. Ulitembea. Ulikuwa kama mtu anayeondoka nyumbani alfajiri, amejitwika mzigo, hataki kumwamsha yeyote, na hasimami. Kisha mkono ukapanda kidogo kidogo, na sauti zikapanda kidogo kidogo bila kukimbia, mpaka walipofika kwenye *weka mzigo*, na kanisa lote likajaa.

Régina alifunika uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Ndiye huyu," alisema. "Huyu sasa ni Dady. Mwanangu hakuwa mutu wa kujivuta."

Emilienne alimshika mkono. Mama mkwe alikuwa akimlilia Dady, na yeye moyo wake ulikuwa kwenye lile neno la sokoni, na aliona aibu kwamba mambo hayo mawili yametokea pamoja.

*

Mazoezi yalipoisha, Laura alimwongoza bibi yake kwenda nyumbani. Emilienne alibaki. Alimngojea Jean-Baptiste nje, chini ya rimu ya lori inayogongwa badala ya kengele, mahali peupe ambapo kila anayepita barabarani angewaona. Alichagua hapo makusudi. Hakutaka mtu aseme walijificha.

Jean-Baptiste alitoka na vitabu kwapani, akamwona, akasimama.

"Mama Laura."

"Niite jina langu. Nina swali moja."

"Uliza."

"Ile siku sokoni. Ulisema polepole. Polepole gani?"

Jean-Baptiste alimwangalia. Emilienne aliona uso wake ukibadilika: kwanza hakuelewa, kisha alielewa, kisha akafumba macho kama mtu aliyepigwa.

"Mungu wangu," alisema. "Ulisikia mwendo."

"Nilisikia ulichosema!"

"Emilienne, ulikuwa umevaa nyeusi. Nyuma yetu kulikuwa na dada wa marehemu akipima mawese, ulimwona? Mimi nilimwona. Dady ndiye aliyenipokea nilipofika Kasongo sina mtu. Nilikula kwake. Nililala kwake. Watu wangesema nini? Kwamba nilikuwa nangoja afe? Nilitaka jambo letu liende bila kelele. Bila kelele! Sikusema lisiende."

"Na Kabambare? Ulikimbia."

"Nilikimbia, ndiyo. Nilikimbia kumwita baba mkubwa. Nani mwingine angekuja kuniposea? Juma lile lile, Emilienne. Barabara imejaa matope mpaka magoti, pikipiki tumeisukuma zaidi kuliko tulivyoipanda. Nikarudi na jibu lake kwamba atakuja, nikakuta umeacha kwaya na hunisalimii."

Emilienne aligeuka akaangalia barabara. Mwanamke mmoja alipita na beseni kichwani, akawasalimu, wakamwitikia wote wawili kwa pamoja. Walingoja apite.

"Kwa nini hukuja kuniuliza?" alisema Emilienne.

"Nilikuwa nafikiri umenijibu. Ulisema huna muda. Nilielewa kwamba huna muda na mimi."

Emilienne alitaka kucheka, akajizuia. Wote wawili walikuwa watu wa shule. Mmoja anafundisha watoto kusoma, mwingine anafundisha watu kuimba, na michi yao ilikuwa imegongana kwenye neno ambalo mtoto wa chekechea analitumia kila siku.

"Nimeshamjibu mama mkwe," alisema. "Nimesema ninabaki. Amekandika chumba."

Vitabu vilianguka kutoka kwapani mwa Jean-Baptiste. Hakuviokota.

"Basi umeolewa na Wamaza," alisema.

"Bado. Kesho ataniuliza mbele ya watu. Jibu la kesho ndilo jibu."

"Na utasema nini?"

"Wewe unataka niseme nini? Usizunguke."

Sauti ya Jean-Baptiste ilikuwa ya chini sana, lakini maneno yalikuja moja kwa moja bila kusita. "Nataka nikuoe, tuzeeke pamoja. Nataka kusikia sauti ya pili ndani ya nyumba yangu. Lakini sitaki umvunje mama yule. Amekwisha kuvunjika mara moja."

"Na Laura?"

"Laura ana baba. Baba yake ni Dady. Mimi sitachukua hiyo nafasi, na jina lake halitabadilika. Nitakuwa mutu anayemuambia amekosea sauti."

Safari hii Emilienne alicheka kweli, na machozi yakatumia nafasi hiyo. Alijifuta haraka kwa kiganja.

"Okota vitabu vyako," alisema. "Watu wanaangalia."

*

Jioni ile, nyuma ya nyumba, Emilienne alichagua mchele na Régina alikaa karibu na moto. Emilienne alikuwa ametafuta maneno tangu kanisani. Hakuyapata mazuri, akaamua kutumia yaliyopo.

"Mama, lile jibu nililokutumia Wamaza…"

"Kesho," alisema Régina.

"Mama, heri nikuambie leo."

"Nimesema kesho. Nitauliza kesho. Usinipe jibu mbele ya swali." Mzee alisukuma kuni ndani. Mwanga uliruka usoni mwake. "Mimi si kipofu, Mama Laura. Leo kanisani uliangalia mlango, kisha ukaacha kuangalia mlango. Nilikuwa karibu yako. Nilisikia hata pumzi yako."

Emilienne aliendelea kuchagua mchele.

"Kile chumba nimekandika kwa udongo mweupe," Régina aliendelea, kama anaongea na moto. "Dirisha linaangalia shamba. Nilisema, Laura atacheka mle ndani, na mimi nitalala nikisikia. Anacheka kama baba yake, umeshasikia? Kabisa kama baba yake." Akatazama mikono ya Emilienne. "Angalia mchele wako, kuna mawe."

*

Baada ya misa, familia ilikaa uani kwa Emilienne. Wanaume walikaa kwenye viti upande wa barabara, wakiongozwa na shemeji Djuma, kaka mkubwa wa marehemu, aliyefika kutoka Salamabila na vumbi la njia bado kwenye nyusi. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Kwaya ilisimama kando ya ukuta. Katikati kulikuwa na kiti kimoja, beseni la maji, na kitenge kipya chenye maua mekundu, kimekunjwa.

Emilienne aliketi kwenye kiti. Régina alisimama nyuma yake, mikono juu ya kile kitambaa cheusi cha kichwa.

Kwa desturi yao, kitambaa hakifunguliwi kabla ya jibu.

"Mama Laura," alisema Régina, na ua wote ukatulia. "Mwanangu alikuacha mikononi mwetu. Umemlilia vizuri. Hakuna aliyekusikia ukimtukana. Leo ninafungua kitambaa. Unabaki ao unaenda?"

Usiku kucha Emilienne alikuwa amewaza jinsi ya kujibu. Akijibu kwa nguvu, itakuwa dharau kwa kaburi. Akichelewa, itakuwa kwamba hajui anachotaka, na mtu asiyejua anachotaka huamuliwa na wengine. Mbele yake, kando ya ukuta, Jean-Baptiste aliangalia chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka ubavuni, kiganja kikiangalia ardhi.

Emilienne hakuacha hata pumzi moja ipite.

"Ninaenda, Mama," alisema, kwa sauti ambayo isingemwamsha mtoto. "Lakini siwakimbii."

Mikono juu ya kichwa chake ilikaza.

"Amesema nini?" aliuliza shemeji Djuma kutoka kwenye viti. "Sisi huku hatujasikia kitu."

Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia. Jibu lilikuwa mikononi mwa Régina peke yake, na Emilienne alilitambua hilo sasa. Mzee angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, amesema anabaki, na nani angesimama kumbishia siku kama ile? Chumba kilikuwa tayari. Udongo mweupe ulikuwa umeshakauka.

Régina aliangalia upande wa kwaya. Aliangalia Laura.

Kisha Régina alijaza kifua hewa, na kutoka katika mwili ule mdogo ikatoka sauti ambayo watu wengi pale walikuwa hawajaisikia tangu Dady alipokufa, maana ilikuwa ni sauti ile ile ya Dady.

"Amesema anaenda!" alisema. "Na mimi nimesikia, na mimi nimekubali! Likizo, mutoto iko kwangu Wamaza. Chumba chake kiko pale. Mwenye neno aseme sasa, na aseme kwa nguvu!"

Shemeji Djuma alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga.

Vidole vya Régina vilifungua fundo. Kitambaa cheusi kilianguka kwenye mkeka. Maji yalimwagwa juu ya nywele za Emilienne, baridi, yakashuka shingoni na mgongoni, na hapo ndipo alipolia, kwa kwikwi, kama ambavyo hakuwahi kulia kabla. Mama mkwe alimfunika mabegani kwa kile kitenge cha maua mekundu, akamwinamia sikioni.

"Yule Maestro wako," alinong'ona, "alete watu wake kwangu. Mimi ndiye nitakayewapokea, si mwingine. Lakini aje polepole."

Emilienne aliinua uso uliolowa.

"Polepole gani, Mama?"

Régina alimpangusa maji kwenye paji la uso.

"Ya sauti," alisema. "Ya mwendo, hapana. Mimi ni mzee. Nataka nione."

Kando ya ukuta, miguu ya kwaya ilianza kupiga ardhi.